Kazi Isiyoonekana ya Lloyd Richards

Mapema mwaka 1959, katika jiji la Philadelphia, mama mmoja Mweusi alifika kwenye dirisha la tiketi la jumba la maonyesho. Mavazi yake yalionyesha ametoka kazini, na kazi yenyewe ilikuwa ya kusafisha nyumba za watu. Alitajiwa bei, akashtuka kidogo, kisha akafungua pochi akalipa. Mwongozaji wa mchezo alikuwa amesimama karibu, akamsogelea. Akamwuliza kwa nini atoe fedha zote hizo kumwona Sidney Poitier jukwaani, ilhali angeweza kumwona kwenye sinema kwa bei isiyofika hata nusu yake. Mama akamjibu kwamba mtaani kwao kumezagaa habari kuwa hapa kuna jambo linalomhusu yeye, naye amekuja kujionea mwenyewe.

Mwongozaji huyo alikuwa Lloyd Richards. Kisa hicho alikisimulia mara nyingi katika miaka iliyofuata, na ukifuatilia maisha yake utaona sababu. Mhusika mkuu wa kisa ni yule mama na shujaa wake ni Poitier. Richards mwenyewe yumo kama mtu aliyeuliza swali moja na kunyamaza kusikia jibu.

Wengi wetu tuliokutana na tamthilia shuleni tulikutana nayo kama kitabu cha mtihani. Tulijua mtunzi, dhamira, maudhui na tamathali za semi. Ule ukurasa wa mwanzoni unaotaja jumba la onyesho la kwanza, waigizaji na mwongozaji tuliuruka, maana haukuwahi kutoka kwenye mtihani. Kwa hiyo si ajabu jina la Richards halifahamiki huku kwetu hata miongoni mwa wanaowajua vizuri Lorraine Hansberry, August Wilson na James Earl Jones. Hata kwao Marekani, wengi walilisikia jina lake wakati wa kupokea tuzo, kisha wakalisahau.

Alizaliwa Toronto, Kanada, tarehe 29 Juni 1919. Baba yake, Albert Richards, alikuwa seremala stadi kutoka Jamaika. Lloyd akiwa bado mdogo, familia ilivuka mpaka na kuhamia Detroit, kwenye viwanda vya magari vilivyokuwa vikimeza watu kutoka kila upande. Ufundi wa mbao ukawekwa kando, baba akawa mfanyakazi wa kiwandani kama maelfu ya wengine. Kisha, Lloyd akiwa na umri wa miaka tisa, baba akafariki kwa ugonjwa wa dondakoo. Mama yake, Rose, akabaki na watoto watano, mdororo mkuu wa uchumi ukikaribia, na kama kwamba msiba mmoja hautoshi, miaka michache baadaye akapoteza uwezo wa kuona. Lloyd na kaka yake Allan ndio walioshika nyumba. Walibrashi viatu, wakafagia kwenye duka la kinyozi, wakaokota vibarua vilivyopatikana.

Ningependa kukaa kidogo kwenye kibanda hicho cha kinyozi, maana Richards mwenyewe alikitaja kama moja ya shule zake. Kila anayejua kinyozi wa mtaani anajua kinachotendeka pale. Wanaume wanabishana siasa na ngumi, wanatania, wanadanganyana kwa ustadi, na kijana mwenye ufagio hana ruhusa ya kuchangia. Anachoweza ni kusikiliza tu. Karibu nusu karne baadaye Richards alipopokea muswada wa mtunzi asiyejulikana, uliojaa wanamuziki wanne wakizozana chumbani, alisema aliwatambua wale watu papo hapo. Alikuwa amewasikia Detroit, akikusanya nywele sakafuni.

Aliingia Chuo Kikuu cha Wayne akikusudia kuwa mwanasheria, kama ilivyotarajiwa kwa kijana Mweusi mwenye akili, lakini akaishia kwenye masomo ya usemaji, redio na maigizo. Vita Kuu ya Pili ikamkuta, akajitolea jeshi la anga mwaka 1943 na kupata mafunzo ya urubani Tuskegee pamoja na vijana Weusi waliokuwa wakithibitisha kwamba wanaweza kurusha ndege. Vita vikaisha kabla hajapelekwa popote. Akarudi Detroit, akafanya kazi ya ustawi wa jamii mchana na utangazaji wa redio, akashiriki kuanzisha vikundi vya maigizo, na mwaka 1947 akafunga mizigo kwenda New York kuwa mwigizaji.

New York haikuwa na haja naye. Nafasi za mwigizaji Mweusi zilihesabika kwenye vidole vya mkono mmoja, na nyingi zilikuwa za mtumishi anayeingia na sinia na kutoka. Richards akahudumu mezani kwenye migahawa, akapata sauti ya redio hapa na pale, na akajiunga na darasa la uigizaji la Paul Mann. Hapo ndipo njia ilipopinda. Mann aligundua kwamba huyu bwana mtulivu ana jicho la kuona kinachomzuia mwenzake, akamfanya msaidizi wake, kisha mwalimu. Miongoni mwa waliopita pale alikuwamo kijana kutoka Bahamas aliyeitwa Sidney Poitier. Wote wawili hawakuwa na kitu. Poitier akamwambia kwamba ikitokea siku atafanya jambo kubwa Broadway, angetaka Richards aliongoze. Ahadi za namna hiyo hutolewa kila siku na watu wenye njaa. Poitier, akishakuwa nyota wa sinema, aliikumbuka yake.

Jambo lenyewe lilikuwa A Raisin in the Sun, tamthilia ya Lorraine Hansberry, binti wa Chicago aliyekuwa hajafikisha miaka 30. Inahusu familia ya Younger, iliyobanana kwenye nyumba ndogo, inayosubiri hundi ya bima ya baba aliyekufa. Mama anataka nyumba, mtoto wa kiume anataka mtaji wa duka la pombe, binti anataka ada ya kusomea udaktari. Mtayarishaji, Philip Rose, hakuwahi kutayarisha mchezo Broadway. Mwongozaji hakuwahi kuongoza mchezo Broadway. Mtunzi hakuwahi kuandika mchezo ulioonyeshwa Broadway. Na karibu waigizaji wote walikuwa Weusi. Matajiri wa maonyesho walicheka kwa adabu. Rose alihangaika zaidi ya mwaka mzima akikusanya fedha kidogo kidogo kutoka kwa watu wengi wa kawaida, na hata alipozipata, wenye majumba Broadway hawakumpa ukumbi. Ikabidi mchezo uanzie New Haven, uende Philadelphia, upite Chicago, huku wakingoja mlango ufunguliwe.

Katika mwaka ule wa kusubiri Richards na Hansberry walikuwa na muswada mezani, wakiurekebisha. Kazi hiyo haikuacha alama yoyote inayoonekana, maana ilikuwa kazi ya kupunguza. Jirani mmbea, Bi Johnson, aliondolewa mzima mzima. Kikatoka pia kipande ambamo mjukuu, Travis, anasimulia jinsi yeye na wenzake walivyomwinda panya mkubwa mtaani, na kile ambamo yule binti, Beneatha, anatokea akiwa ameziacha nywele zake za asili bila kuzinyoosha. Vipande hivi vilirudishwa katika matoleo ya baadaye, na mtu anaweza kujiuliza kama kweli vilistahili kukatwa. Binafsi naona tukio la nywele lilikuwa hasara. Lakini mwongozaji mwenye mchezo wa saa tatu, hadhira isiyowahi kuona kitu kama hicho, na wawekezaji wanaotazama saa zao, hakati kwa vigezo vya msomaji aliyekaa kwenye kiti chake nyumbani.

Kulikuwa na mvutano mkubwa zaidi. Mchezo huu ni wa nani? Hansberry aliuona ukisimama juu ya mama, Lena, aliyechezwa na Claudia McNeil, mwanamke mwenye sauti ya kutikisa ukuta. Poitier, kama alivyokuja kueleza katika kumbukumbu zake, aliamini kwamba mtoto wa kiume, Walter Lee, asipokuwa kitovu, mchezo utaonyesha mwanamume Mweusi kama dhaifu anayeokolewa na mama yake. Hawakukubaliana, na baridi kati yao ilibaki. Fikiria hali ya mwongozaji: nyota wake ndiye rafiki aliyempa kazi, mtunzi wake ndiye mwenye mchezo, na kila jioni saa mbili na nusu pazia lazima lifunguliwe. Katika mvutano kama huo mwongozaji mwingine angetoa uamuzi na kumvunja mmoja wao. Mchezo uliofika New York ulikuwa na vitovu viwili vinavyovutana, mama na mwana, na mvutano huohuo ndio ulioufanya uwe hai. Sijui kama Richards alipanga hivyo tangu mwanzo. Lakini hakuuzima.

Tarehe 11 Machi 1959 pazia lilifunguliwa katika ukumbi wa Ethel Barrymore. Mwishoni watu walisimama, wakapiga makofi yasiyoisha, wakamwita mtunzi. Poitier akashuka jukwaani akamshika mkono Hansberry na kumpandisha. Mchezo ulionyeshwa mara 530.

Hapa pana jambo ambalo msomaji wa Kenya hawezi kulipita. Katika sehemu ya pili Walter Lee anarudi nyumbani amelewa, anamkuta dada yake akicheza muziki wa Kiafrika, anaruka juu ya meza na kujigeuza chifu wa vita. Katika kelele zake analitaja jina la Jomo Kenyatta kama mtu wake wa karibu. Usiku ule wa Machi, Kenyatta alikuwa bado mfungwa Lokitaung, kule kaskazini kabisa, akimalizia kifungo alichohukumiwa Kapenguria mwaka 1953. Aliondolewa gerezani mwezi uliofuata, na hata hapo alihamishiwa Lodwar chini ya ulinzi. Serikali ya kikoloni ilikuwa imemtupa mahali ambapo hakuna atakayemsikia, na huko Broadway jina lake likawa linapigiwa ukelele kila jioni mbele ya watu waliovaa suti.

Richards anahesabiwa kuwa mwongozaji wa kwanza Mweusi wa tamthilia Broadway. Neno «wa kwanza» lina haja ya uangalifu, maana mwaka 1903 Jesse Shipp alikuwa ameongoza In Dahomey, mchezo wa nyimbo na vichekesho ulioundwa na Weusi. Lakini kati ya Shipp na Richards kuna zaidi ya nusu karne, na hilo ndilo la kutia uchungu zaidi kuliko ubishi wa nani alitangulia. Richards aliteuliwa kuwania tuzo ya Tony, akashindwa na Arthur Penn. Kisha filamu ya mchezo ilipotengenezwa mwaka 1961, waigizaji wengi walichukuliwa, mtunzi akaandika mwongozo wa filamu, lakini kuongoza alipewa Daniel Petrie.

Miaka iliyofuata haina mengi ya kusimulia. The Long Dream, iliyotokana na riwaya ya Richard Wright, ilifungwa baada ya maonyesho 5. The Moon Besieged ilionyeshwa mara moja tu. Mchezo wa muziki I Had a Ball ulidumu karibu maonyesho 200, lakini haukuwa wa kumjengea mtu jina. Alikuwa na mke, Barbara Davenport, aliyekuwa mcheza dansi, na watoto wawili wa kiume, Scott na Thomas. Akafundisha Chuo Kikuu cha New York na Chuo cha Hunter. Mtu aliyeweka historia akiwa na miaka 39 alifikisha 49 akiwa mwalimu.

Hapo ndipo ilipokuja kazi iliyomfaa kuliko zote, na wala haikuwa ya kuongoza mchezo. Mwaka 1964 George White alikuwa ameanzisha kituo cha maigizo kwenye shamba la zamani mjini Waterford, jimbo la Connecticut, kando ya bahari, kikapewa jina la mtunzi Eugene O'Neill. Kila kiangazi watunzi walikutana pale. Mwaka 1968 Richards alikabidhiwa mkutano huo wa watunzi, akaushika hadi 1999.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Miswada zaidi ya elfu moja ilifika kila mwaka kutoka kwa yeyote aliye na mashine ya kupiga chapa na stempu. Ilisomwa, ikachujwa, ikabaki kama dazeni moja. Watunzi hao wakaalikwa, wakapewa mwongozaji na waigizaji wa kulipwa, na siku nne tu za mazoezi. Jukwaani hakukuwa na mapambo, isipokuwa vipande vya mbao visivyo na rangi ambavyo leo ni kitanda, kesho ni baa. Waigizaji walicheza huku wameshika karatasi mikononi. Mtunzi aliketi na watazamaji usiku wa kwanza akasikia ni wapi wanakohoa. Alikuwa na muda wa kuandika upya kabla ya onyesho la pili, na kurasa mpya zilichapwa kwenye karatasi za rangi tofauti ili kila mtu ajue kilichobadilika. Baada ya hapo kulikuwa na mjadala wa wazi, nao Richards aliusimamia kwa mkono wa chuma ndani ya glavu laini. Kuuliza mtunzi alikusudia nini kuliruhusiwa, lakini kumwandikia mchezo wake upya kulikatazwa. Anayejua wasomi wanavyofurahia kuandika upya kazi ya mwenzao atafahamu ugumu wa sheria hiyo.

Walipita pale watu wa kila aina. Mwaka 1970 alikuja Wole Soyinka na kundi la waigizaji kutoka Ibadan, muda mfupi baada ya kutoka katika kifungo alichowekwa wakati wa vita vya Biafra, na Madmen and Specialists ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye shamba hilo la Connecticut.

Miaka hiyohiyo ndipo alipoikaribia televisheni. Mwaka 1978 aliongoza Broadway mchezo wa mtu mmoja juu ya mwimbaji na mwigizaji Paul Robeson, uliochezwa na James Earl Jones. Mwana wa Robeson na jopo la Weusi mashuhuri waliupinga hadharani, wakisema umempunguza mtu aliyekuwa tishio kwa wakubwa akawa babu mpole wa kuimba. Toleo la televisheni, aliloliongoza mwenyewe, lilionyeshwa mwaka 1979, na ubishi haukwisha. Nadhani wapinzani walikuwa na hoja. Robeson wa kweli alisoma Kiswahili London, akacheza katika Sanders of the River mwaka 1935, filamu ambamo Kenyatta yule yule alipewa nafasi ndogo ya chifu asiye na la kusema, na baadaye Robeson akaionea haya filamu hiyo kwa jinsi ilivyosifu ukoloni. Maisha kama hayo hayatoshi kwenye kiti kimoja na piano moja. Mwaka huohuo wa 1979 Richards aliongoza sehemu mojawapo ya Roots: The Next Generations, mfululizo uliofuata ukoo wa Alex Haley kutoka mwisho wa karne ya 19 hadi siku zake.

Mwaka 1979 pia Chuo Kikuu cha Yale kilimwita kuwa mkuu wa shule yake ya maigizo na kiongozi wa ukumbi wake, Yale Repertory. Kwa hiyo alikuwa na shule, jukwaa, na shamba la Waterford. Hakuna Mmarekani mwingine, mweusi wala mweupe, aliyekuwa na vitu vyote vitatu kwa pamoja. Alivitumia kwa subira. Athol Fugard wa Afrika Kusini alipata kwake makao ya mbali, na mwaka 1982 «Master Harold»... and the Boys ilionyeshwa kwanza New Haven kabla ya kufika Johannesburg. Shuleni aliingia Charles Dutton, mtu wa Baltimore aliyekuwa amekaa gerezani miaka mingi na kugundua uigizaji humohumo. Waliingia pia Angela Bassett na Courtney Vance.

Na kwenye rundo la miswada ya Waterford kulikuwa na jina lililokuwa likirudi. Mtu mmoja wa St. Paul, Minnesota, aliyekuwa mpishi katika shirika la kuhudumia wazee, alituma tamthilia ikakataliwa, akatuma nyingine ikakataliwa, akaendelea. Mwaka 1982 alituma Ma Rainey's Black Bottom, wanamuziki wakisubiri kurekodi Chicago mwaka 1927, na ikapita. Huyo alikuwa August Wilson.

Wilson alisimulia baadaye siku yao ya kwanza ya mazoezi. Mwigizaji aliuliza swali kuhusu mmoja wa wahusika. Mtunzi, aliyemjua mhusika huyo kuliko kiumbe yeyote duniani, akafungua kinywa kujibu, lakini Richards akawa ameanza. Wilson akamsikiliza. Jibu lilikuwa sahihi, na lilikuwa na kitu ambacho yeye mwenyewe hakuwa amekiona. Kuanzia hapo akatulia, na akazoea kumwita Pop, baba. Wilson hakulelewa na baba yake mzazi, wala Richards hakulelewa na wake kupita miaka tisa, na sina haja ya kusema zaidi.

Mwaka 1984 mchezo ulikwenda Yale, kisha ukumbi wa Cort, Broadway, Dutton akimcheza Levee, mpiga tarumbeta mwenye hasira. Njia waliyoijenga baadaye ikawa mfano kwa wengine na kero kwa baadhi. Mchezo ulisomwa Waterford, ukajengwa Yale, halafu ukazungushwa Boston, Chicago, San Diego na Seattle, kila mji ukiwa ni raundi nyingine ya kukata na kuongeza, hadi ufike New York ukiwa umeiva. Robert Brustein, mtangulizi wa Richards pale Yale, alilalamika kwamba kumbi zisizo za biashara zimegeuzwa jiko la Broadway. Lalamiko lina ukweli wake. Lakini mtunzi wa Kiafrika-Mmarekani alipata wapi tena mwaka mzima wa kusahihisha mchezo mmoja mbele ya watazamaji wanaolipa?

Fences ilifika Broadway Machi 1987. Troy Maxson, mzoa taka wa Pittsburgh aliyewahi kuwa mchezaji hodari wa besiboli katika ligi ya Weusi, alichezwa na James Earl Jones kwa ukubwa uliojaza jumba. Mtayarishaji hakuupenda mwisho wake. Troy amekufa, na ndugu yake Gabriel, aliyejeruhiwa kichwani vitani, anapuliza tarumbeta amfungulie milango ya mbinguni. Sauti haitoki, naye anaanza kucheza dansi ya ajabu. Ilionekana ni ya kutatiza, na shinikizo la kuiondoa lilikuwa kali. Wilson hakukubali, na mwisho ukabaki. Mchezo ukapata tuzo ya Pulitzer na Tony nne, ya mwongozaji ikiwamo. Katika mwaka wake wa kwanza uliingiza dola milioni 11, kiasi ambacho mchezo usio wa muziki haukuwahi kukifikia.

Kwa televisheni, kazi yake ya kukumbukwa ilikuja akiwa na miaka 75. The Piano Lesson ilikuwa imempatia Wilson Pulitzer ya pili mwaka 1990. Ndugu wawili wanagombania piano iliyochongwa nyuso za mababu wao waliokuwa watumwa: kaka anataka kuiuza anunue shamba walilolilima wazee wao, dada hataki isogezwe. Kwenye maonyesho ya Yale ya mwaka 1987, kaka huyo, Boy Willie, alichezwa na Samuel L. Jackson, na swali la nani anabaki na piano halikujibiwa. Ilichukua miji kadhaa kuutafuta mwisho unaokubalika, na mchezo ulipofika Broadway Jackson alikuwa mbadala wa Dutton, akiusikiliza kila jioni kutoka nyuma ya jukwaa. Kwa toleo la televisheni la mwaka 1995 Richards alikwenda Pittsburgh na Dutton, akamwongezea Alfre Woodard kama dada. Kamera iliweza kufanya ambalo jukwaa haliwezi: ikausogelea ubao ule, ukaziona nyuso moja moja, alama za patasi, mahali mkono wa mchongaji ulipokaza. Mwana wa seremala aliutazama kwa muda mrefu kuliko ambavyo mwongozaji mwingine angethubutu kwenye programu yenye matangazo ya biashara.

Alikuwa ameondoka Yale mwaka 1991. Mwaka 1993 alipewa Nishani ya Taifa ya Sanaa. Seven Guitars ilipoanza Chicago mwaka 1995 alikuwa mgonjwa, ikaongozwa na Walter Dallas. Richards aliirudia kwa ajili ya Broadway mwaka 1996, na huo ukawa mchezo wao wa sita pale, na wa mwisho. Baadhi ya tamthilia za Wilson zilizofuata zilikwenda kwa Marion McClinton. Hakukuwa na vita vya magazetini.

August Wilson alifariki Oktoba 2005, akiwa na miaka 60. Jumba moja la Broadway likapewa jina lake mwezi huohuo. Ule ukumbi wa Cort, ambako Levee alichomoa kisu kwa mara ya kwanza Broadway, tangu 2022 unaitwa James Earl Jones. Lloyd Richards alifariki New York tarehe 29 Juni 2006, siku aliyotimiza miaka 87. Jina lake halipo juu ya mlango wa ukumbi wowote wa Broadway. Lipo kwenye kitabu cha Fences, ambacho Wilson alimtabarukia kwa mstari mmoja mfupi, kwenye ukurasa ulio kabla mchezo haujaanza.